Sheria Kuukuu Iliyomwamsha Simba

Lipo swali ambalo kila mwalimu aliyewahi kushika chaki amelisikia, na aghalabu hutoka nyuma ya darasa, kwa kijana aliyeegemea ukuta: "Mwalimu, haya yatatufaa nini?" Nilifundisha Kiswahili na fasihi katika shule za upili kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila nilipoulizwa swali hilo, iwe tulikuwa tukisoma utenzi wa kale au tukichambua neno ambalo halitumiki tena sokoni, nilijibu kwa ukali kuliko kwa hoja. Sasa nimestaafu na ukali umepoa. Nataka kulijibu upya, kwa kuwasimulia habari za msomi mmoja wa sheria wa Afrika Kusini ambaye huenda wengi wenu hamjawahi kulisikia jina lake. Anaitwa Owen Dean.

Msomi huyu alijikita katika sheria ya mali ya ubunifu. Wengi wetu tusikiapo neno mali hufikiria shamba, ng'ombe, duka au nyumba ya kupangisha, yaani vitu vinavyoweza kuzungushiwa ua. Mali ya ubunifu haina ua. Ni wimbo, kitabu, mchoro, uvumbuzi wa mtambo, au ile alama iliyopigwa kwenye pakiti ya majani chai. Mwenye wimbo hawezi kuufungia zizini usiku ukalala salama. Kinachomlinda ni maneno ya sheria tu, na maneno ya sheria hayamlindi asiyeyajua. Dean alikuwa wakili katika kampuni ya Spoor & Fisher mjini Pretoria, na kazi yake ya kila siku ilikuwa ya alama za biashara na hakimiliki. Hiyo si kazi ya kuwatetea wanyonge. Aghalabu anayeweza kumlipa wakili wa alama za biashara ni mwenye biashara.

Lakini sambamba na uwakili huo alikuwa akifanya jambo jingine. Mwaka 1987 alitoa kitabu cha mwongozo juu ya sheria ya hakimiliki ya Afrika Kusini, na mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Stellenbosch kilimtunuku shahada ya udaktari wa sheria. Nitawatajia mada ya tasnifu yake, nanyi wanafunzi nawaomba msicheke. Iliuliza hivi: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1978 inazihusu vipi kazi zilizotungwa kabla ya mwaka 1979?

Hebu litazameni swali hilo. Ili kulijibu, mtu hana budi kurudi kwenye sheria ya mwaka 1965 iliyotangulia ile ya 1978, kisha arudi kwenye ile ya mwaka 1916, ambayo nayo iliichukua nzimanzima Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotungwa London kwa ajili ya himaya yote. Aidha hana budi kuvisoma vifungu vya mpito, vile vifungu vya mwisho mwisho vilivyochapishwa kwa herufi ndogo, ambavyo hueleza kilichobaki cha sheria kongwe baada ya mpya kuingia. Kwa lugha nyepesi, bwana huyu alitumia miaka ya maisha yake kuwasomea wasifu marehemu. Laiti kijana wangu wa nyuma ya darasa angalimwona akiwa maktabani, swali lake lingalikuwa lilelile.

Ndani ya ile sheria ya 1911 mlikuwa na kifungu kimoja cha ajabu. Kilisema kwamba mtunzi ambaye ndiye mwenye haki ya kwanza akiuza au akiigawa hakimiliki yake angali hai, mnunuzi ataishika kwa muda wote wa uhai wa mtunzi na kwa miaka 25 baada ya kifo chake. Ikiisha miaka hiyo 25, hakimiliki inarudi yenyewe kwa mirathi ya marehemu, hata kama mkataba ulisema imeuzwa milele. Mawakili wamezoea kukiita kifungu cha Dickens, kwa jina la mwandishi Charles Dickens. Nia yake ilikuwa njema: mtunzi maskini huuza kazi yake kwa bei ya njaa, kabla hajajua itapendwa kiasi gani, basi angalau wanawe wasizame pamoja na kosa lake. Uingereza yenyewe ilikifuta kwa mikataba iliyofanywa baada ya sheria yake mpya ya mwaka 1956 kuanza kazi, na Afrika Kusini ikaifuta sheria ile kwa sheria yake ya mwaka 1965. Hata hivyo, mikataba ya nyuma iliendelea kutawaliwa nacho. Kifungu kilizikwa, ila hakikufa.

Sasa tuondoke maktabani twende studio.

Mwaka 1939, mjini Johannesburg, kijana wa Kizulu aitwaye Solomon Linda aliingia katika studio ya kampuni ya Gallo pamoja na kundi lake la Evening Birds. Linda alikuwa mtoto wa Msinga, Natal, aliyekuja mjini kutafuta riziki, na alikuwa akifanya kazi ya kupakia sahani za santuri katika kampuni hiyohiyo ya Gallo. Hakujua kusoma wala kuandika. Wakaimba wimbo wenye maneno machache mno uitwao "Mbube", yaani simba. Waliurudia mara kadhaa, na katika mara ya mwisho Linda akapandisha sauti yake nyembamba juu ya sauti nzito za wenzake, akabuni hapohapo kipande cha lahani ambacho leo hakuna pembe ya dunia kisipojulikana. Mwaka 1948 sahani hiyo ilikuwa inakaribia kuuzwa nakala 100,000. Hakimiliki ya wimbo huo Linda aliihamishia Gallo kwa shilingi 10.

Sahani moja ilifika Marekani, mikononi mwa mwimbaji Pete Seeger. Kwa kuwa hakusikia vyema neno la Kizulu, aliliandika "Wimoweh", na kundi lake la The Weavers likaurekodi kwa jina hilo mwaka 1951. Mwaka 1961 watunzi wengine wa Kimarekani waliutia maneno ya Kiingereza, wakauita "The Lion Sleeps Tonight", na kundi la The Tokens likaufikisha kileleni mwa chati za Marekani. Seeger aliwahi kuagiza Linda apelekewe dola 1,000, na haki yake tumpe. Wengine walikula kimya. Mla ndizi husahau, mtupa maganda hasahau. Lakini Linda alikuwa ametupa maganda bila hata kujua ndizi ilikuwa yake. Alifariki mwezi Oktoba 1962 kwa ugonjwa wa figo, akamwacha mkewe na watoto katika umaskini huko Soweto. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe.

Naomba nichepuke kidogo hapa, kwani nisipokiri jambo hili sitakuwa nimesema kweli.

Nilipokuwa mwalimu kijana niliandika kijitabu cha mazoezi ya insha. Nilikiandika usiku, kwa taa ya chemni, na kila zoezi nililijaribu darasani kabla ya kulinakili. Mchapishaji mmoja alikipenda. Aliniita ofisini, akaniwekea mezani karatasi mbili na bahasha. Bahasha ile ilitosha kununua mabati ya nyumba niliyokuwa nimeianza kijijini, na mvua za masika zilikuwa zimekaribia. Nikatia sahihi. Kwa miaka mingi baadaye nilikuwa nikiingia madarasani na kukikuta kijitabu changu juu ya madawati, kimechapishwa tena na tena, nami sina hata senti ya mrabaha. Si muda mrefu uliopita nilikifungua kisanduku changu cha bati, nikazitoa zile karatasi, nikampelekea mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ni wakili. Alizisoma kwa utulivu. Kisha akaniuliza, kwa heshima zote, "Mwalimu, siku ile ulizisoma?"

Solomon Linda hakujua kusoma. Mimi kazi yangu ilikuwa kufundisha watu kusoma.

Turudi Afrika Kusini. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ilitoa filamu ya "The Lion King", na ndani yake wimbo ule ukaimbwa. Filamu ikavuma, ikafuatiwa na mchezo wa jukwaani, na fedha zikamiminika. Mwezi Mei 2000 mwandishi wa Afrika Kusini Rian Malan alichapisha katika jarida la Rolling Stone makala ndefu iliyofuatilia wimbo ulikopita na fedha zilikokwenda. Kwa makadirio yake, matumizi ya wimbo katika "The Lion King" peke yake yalikuwa yameingiza dola milioni 15. Mwaka uliofuata mmoja wa mabinti wa Linda alifariki kwa ukimwi, katika familia isiyoweza kugharimia dawa.

Makala hiyo iliwaumiza watu wengi roho, lakini roho iliyoumia si hoja ya mahakamani. Kila aliyeitazama hali ile kisheria alikutana na ukuta uleule: Linda alikuwa ameuza. Mkewe naye alikuwa ametia sahihi karatasi nyingine mwaka 1983, na baada ya mama huyo kufariki mabinti nao wakatia yao. Karatasi zilikuwepo, sahihi zilikuwepo. Hapo ndipo Gallo, kampuni ileile iliyoununua wimbo kwa shilingi 10, ilipokwenda kutaka ushauri wa Dean.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Linda alifariki mwaka 1962. Ongezeni 25. Mnapata 1987. Kwa kifungu kile kilichozikwa, hakimiliki ya "Mbube" ilikuwa imerudi mwaka 1987 kwenye mirathi ya marehemu, kimyakimya, bila tarumbeta wala barua, mabinti wakiwa Soweto hawana habari. Tena haikurudi kwa mjane wala kwa mabinti kama watu binafsi. Ilirudi kwa msimamizi wa mirathi, na msimamizi hakuwa ametia sahihi karatasi yoyote. Mwaka uliofuata, 1988, Dean alipata shahada yake kwa tasnifu iliyochimba sheria hizohizo. Haki na msomi wake walipishana kwa mwaka mmoja, na ilichukua zaidi ya miaka kumi wakutane.

Hoja ilikuwa imepatikana, lakini mshtakiwa alikuwa ng'ambo. Utamshtaki vipi Pretoria mtu anayeishi California? Hapa Dean na wenzake walitumia kanuni nyingine ya kale, iliyorithiwa kutoka sheria ya Waholanzi: mahakama inaweza kupata mamlaka juu ya mgeni kwa kuizuilia mali yake iliyomo nchini. Na Disney ilikuwa na mali gani Afrika Kusini? Ilikuwa na alama za biashara, zilizosajiliwa kwa mamia. Mirathi ya Linda ikapewa msimamizi, na mwezi Julai 2004 kesi ikafunguliwa, alama zaidi ya 200 zikiwa zimezuiliwa, Mickey Mouse akiwamo. Mabinti wa mpakiaji wa santuri wakawa wamemfunga panya wa Disney kigingini. Wakili aliyeshinda akilinda alama za biashara za wengine alijua hasa mahali ambapo alama hushikwa. Disney iliiomba mahakama iziachilie, ombi likakataliwa.

Kwa uadilifu lazima niseme kwamba Disney nayo ilikuwa na lake la kusema. Ilikuwa imepata ruhusa ya kuutumia wimbo huo kutoka kwa Abilene Music, kampuni ya Kimarekani iliyojihesabu kuwa mmiliki. Isitoshe, kifungu cha 1911 kilikuwa na nguvu katika nchi zilizokuwa chini ya himaya ya Uingereza tu. Marekani hakikugusa kitu. Kwa hiyo kesi haikuwa juu ya milioni zote zilizopatikana duniani. Ilikuwa juu ya kilichotendeka ndani ya Afrika Kusini, na dai lilikuwa la randi milioni 10.

Mwezi Februari 2006, kesi ikiwa karibu kuanza kusikilizwa, pande zote zilipatana. Abilene ilikubali kuwalipa warithi kwa matumizi yaliyopita na kuwagawia mrabaha wa mbeleni, ikakubali kwamba "The Lion Sleeps Tonight" ulitokana na "Mbube", na jina la Solomon Linda likaingizwa kama mtunzi mwenza. Mfuko wa udhamini ukaundwa kuzipokea fedha hizo. Kiasi hakikutangazwa.

Ningependa kuishia hapo, lakini ningekuwa nimewapa ngano badala ya habari. Kwa kuwa palikuwa na mapatano, jaji hakuitolea hukumu hoja ya Dean. Ilibaki hoja yenye nguvu iliyomtisha tajiri, ila haikupigwa muhuri wa mahakama. Tena mapatano yalikuwa na ukomo, na mwaka 2017 muda wake ulikwisha. Filamu ya uchunguzi iliyotoka mwaka 2019 iliwaonyesha mabinti waliosalia wakiuliza fedha zao zilikuwa zimekwenda wapi, na ilipigia hesabu kwamba walichopata hakikufikia hata chembe ya kilichochumwa. Wapo wanaosema kwamba mawakili wangalikaza kamba zaidi. Mimi naona ni rahisi kumwambia mwenzako akaze kamba ambayo wewe hukuisuka. Kabla ya tasnifu ile hapakuwa na kamba ya kukaza.

Baadaye Dean aliacha ofisi za mawakili akarudi Stellenbosch kushika kiti cha uprofesa wa sheria ya mali ya ubunifu kilichopewa jina la Anton Mostert. Mwaka 2013 alichapisha kitabu kuisimulia kesi hii mwenyewe. Mwaka huohuo alikuwa akivutana na serikali ya nchi yake juu ya ulinzi wa maarifa ya jadi. Serikali ilitaka kuyaingiza katika sheria zilizopo za hakimiliki na alama za biashara. Yeye akashikilia kwamba ngoma ya ukoo na dawa ya mizizi havina mtunzi mmoja wala tarehe ya kuzaliwa, basi vinahitaji sheria yake vyenyewe, na akaandika mswada mbadala uliofikishwa Bungeni na mbunge wa upinzani. Bunge halikuufuata. Kwa maoni yangu alikuwa na hoja, ingawa naelewa pia kwa nini watu walionyang'anywa mengi kwa sheria za wageni hawakutaka kusubiri sheria nyingine.

Je, sisi Wakenya haya yanatuhusu? Sheria za Uingereza za hakimiliki, ile ya 1911 ikiwamo, ndizo zilizotumika Kenya ya ukoloni mpaka Bunge letu lilipopitisha sheria yetu mwaka 1966. Hiyo nayo ilifuatwa na sheria ya mwaka 2001. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 studio za Nairobi zilirekodi magita mengi yaliyotiwa sahihi kwa bei ya siku moja. Wimbo wa "Malaika" umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M, ilhali nyumbani bado tunabishana kama mtunzi ni Fadhili William au Adam Salim. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mfano wa Linda unatuonyesha kwamba daftari lilikuwepo muda wote. Aliyekosekana ni wa kulifungua ukurasa wenyewe.

Juzi nilialikwa katika shule niliyostaafia kuzungumza na Kidato cha Tatu. Niliandika ubaoni 1911, 1962, 1987, 1988 na 2006, nikawasimulia niliyowasimulia ninyi. Nilipomaliza, mkono ukainuka nyuma kabisa, karibu na ukuta. Nikajiandaa kwa swali ninalolijua.

"Mwalimu," akasema yule binti, "hiyo sheria yetu ya 1966, vifungu vyake vya mpito vilisemaje?"

Nilimwandikia mkuu wa maktaba ya chuo barua ya kumtambulisha. Jumamosi iliyofuata alikwenda na daftari lake, na juma hili amenitumia kurasa nne za kwanza.